Troli Nyekundu Yenye Kufuli

Nilipika chai ya mafunzo yale siku tano, kwa hivyo mtu asiniambie kwamba sikuelewa kilichofundishwa. Dirisha la jikoni la hospitali yetu linatazama ukumbi moja kwa moja, na ukikoroga sufuria ya chai ya watu thelathini una muda mwingi wa kutazama na kusikia.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Iko upande wa Embu, mahali kahawa inaishia na muguka, yale majani ya kutafuna, unaanza. Ina wodi mbili, maabara inayofunguliwa siku mwenyewe akijisikia, na daktari mmoja. Daktari huyo ni wa kile wanachoita tiba ya familia. Maana yake ni kwamba asubuhi anatibu mtoto wa kuhara, saa sita anazalisha, mchana anapasua jipu la mzee, jioni anajaza karatasi za polisi za watu waliokatana mapanga kwa sababu ya mpaka wa shamba. Ni kijana wa Kanyakine, mpole, mrefu mpaka anainama akiingia jikoni. Mimi nilikuwa kibarua. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata mtoto, baba ya mtoto akapata shughuli kwingine, nikapata sufuria. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, na ninaisema mapema ili asitokee mtu wa kuniuliza.

Mafunzo yalikuwa ya madaktari kama yeye, wale wa mashambani, kutoka Meru na Embu. Walikuja kufundishwa jinsi ya kumshika mgonjwa wa dharura asife akingoja gari la kumpeleka hospitali kubwa. Sina ubaya na wazo hilo. Ni wazo zuri. Niliyoyaona baadaye ndiyo hadi leo nikiyakumbuka nataka kutema mate.

Mkufunzi alitoka Nairobi na sanduku lenye magurudumu. Ndani mlikuwa na mtoto wa plastiki, mweupe kama mshumaa, kifua kinapanda na kushuka ukibonyeza kitu fulani. Walimlaza mezani, wakamfunika blanketi mpya. Wodi ya watoto, hatua ishirini kutoka hapo, watoto wetu walikuwa wanalala wawili wawili na kila mama ameleta leso yake. Blanketi ya yule wa plastiki ilikuwa na maua ya rangi ya waridi. Niliiangalia siku tano.

"Mtoto ana degedege!" mkufunzi alikuwa anapaza sauti. "Dakika ya kwanza. Unafanya nini?"

Na wao, watu wazima wenye mashahada, wanajibu kwa pamoja kama darasa la tatu: mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, mpe oksijeni, mpe dawa, mpime sukari.

Walirudia mpaka nikashika. Nilikuwa naosha vikombe huku midomo inatembea. Mama tuliyekuwa tunapika naye, mtu mzima wa kunizaa, alinisukuma kwa kiwiko.

"Wewe, utatoka hapa daktari utuache na masufuria."

"Nitakutibu bure, mama."

"Mimi usinishike. Unakoroga chai na mkono wa kushoto, sindano utadunga wapi?"

Siku ya tatu mkufunzi akatoka nje akitafuta mtu wa kuigiza mama wa mtoto. Akaniona na mwiko mkononi. Nikaingizwa ukumbini na aproni yangu, nikasimamishwa kando ya ile plastiki, nikaambiwa nilie.

Nililia. Sijui nililia vipi, lakini mkufunzi hakuridhika.

"Mama, si hivyo. Mtoto wako anakufa. Lia na nguvu."

Madaktari wakacheka. Nikalia na nguvu. Daktari wetu akaja, akanishika mkono, akasema akiangalia sakafu: "Mama, mtoto wako yuko mikononi mwetu." Mkufunzi akamkosoa kwamba lazima amtazame mama machoni. Akarudia. Tulirudia mara nne, akinitazama machoni, mpaka sote wawili tukaona haya. Kisha nikaambiwa asante, nikarudi kwa chai yangu.

Siku ya mwisho ndipo troli ya dharura ilipoletwa. Wafadhili walitoa moja kwa kila hospitali iliyotuma daktari. Ilikuwa nyekundu, ya chuma, droo tano, kila droo na karatasi iliyoandikwa kilichomo: barakoa za oksijeni za watu wazima, za watoto, mirija, sindano, dawa. Ubavuni kuna orodha ya kutiwa alama kila asubuhi. Sista msimamizi wa hospitali aliipangusa kwa kitambaa, akaipangusa tena, wakapiga picha: sista, daktari, mkufunzi, na troli katikati kama bibi harusi.

Wageni walipoondoka, kesho yake asubuhi, akaitwa fundi wa kuchomelea vyuma kutoka sokoni. Akachomelea pete mbili na chuma kirefu kinachopita mbele ya droo zote. Sista akatia kufuli. Ufunguo ukaingia kwenye mkoba wake.

Nitakuwa mkweli hapa, kwa sababu hii si hadithi ya sista peke yake. Vitu vya hospitali yetu vilikuwa na miguu. Glavu zilikuwa zinaenda kukamua ng'ombe, na zile ndefu zinaenda kwa jamaa wa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Pamba ilikuwa inakwenda. Chupa za maji ya mshipa zilionekana zimening'inia juu ya ndama anayeharisha, na ndama si wa mtu wa mbali. Mimi mwenyewe nilichukua glavu, zaidi ya mara moja, za kukatia pilipili. Kwa hivyo sista alipofunga alikuwa na sababu. Kila asubuhi aliifungua, akahesabu, akatia alama kwenye orodha, akafunga. Troli ikawa safi kuliko kitu chochote katika jengo lile. Wakaguzi walikuja wakaisifu. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kuichafua.

Mwanangu alipata joto siku ya Jumanne. Msichana, alikuwa hajafikisha miaka miwili. Usiku alikuwa na kikohozi tu. Asubuhi nikimfunga mgongoni nikahisi ni kama nimebeba jiwe la mekoni. Nikaenda hospitalini mapema kwa miguu, nikakaa kwenye foleni, benchi la pili, kati ya shosho, bibi kizee mwenye mguu uliovimba, na mwanamume aliyejikata akipogoa kahawa.

Nilimfungua nimnyonyeshe. Hakushika titi. Macho yakapanda juu, yakabaki meupe. Mkono wa kushoto ukaanza kuruka, kisha mguu, kisha mwili wote, meno yanagongana, povu.

Sikupiga kelele. Nilikuwa nimefundishwa kupiga kelele ukumbini na pale sauti haikutoka. Nilinyanyuka tu nikakimbia naye chumba cha dharura. Nesi wa zamu alikuwa msichana mdogo, amefika kazini juzi, hakuwa kwenye mafunzo. Alimwangalia mtoto, akachukua kijiti cha kubania ulimi, akakizungushia bandeji, akaja kumtia mdomoni.

Nilimpiga mkono. Kijiti kikaanguka.

"Wewe mama, una wazimu? Atajiuma ulimi!"

"Usimtie kitu mdomoni! Mlaze kwa ubavu! Oksijeni iko wapi? Muite daktari!"

Alinikodolea macho, mwanamke wa jikoni anamwamuru. Lakini alienda akamwita.

Daktari alikuja mbio kutoka wodi ya akina mama, glavu bado na damu, akazitupa akavaa nyingine. Nitampa haki yake: mikono yake ilijua. Alimlaza mtoto kwa ubavu, akainua kidevu, akafuta povu, akatazama saa ya ukutani, akasema saa kwa sauti. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo pembeni, umejaa. Akanyoosha mkono bila kugeuka, kama alivyofanya na ile plastiki.

"Barakoa ya mtoto. Droo ya pili. Na dawa, droo ya tano."

Nesi akasimama mbele ya troli.

"Daktari, imefungwa."

"Fungua."

"Ufunguo uko na sista."

"Sista yuko wapi?"

"Ameenda Meru. Kikao."

Nilikijua hicho kikao. Nilikuwa nimesikia akijisifu jikoni kwamba wasimamizi wanaitwa hoteli moja pale Makutano kueleza jinsi mafunzo yalivyobadilisha hospitali zao. Alikuwa amepiga picha ya troli kwa simu, droo zote zikiwa wazi, akawaonyeshe.

Stoo ya dawa nayo ufunguo ulikuwa kwenye mkoba uleule. Daktari akampigia, simu kwenye spika, juu ya kitanda, kando ya mguu wa mwanangu unaoruka.

"Sista, ufunguo wa troli."

"Niko nao. Kwani kuna nini?"

"Kuna imajensi."

"Imajensi gani tena, daktari? Mimi hata sijakaa chini."

"Mtoto ana degedege. Hajaacha. Dakika ya saba."

Nyuma yake mtu alikuwa anaongea kwa maikrofoni. Kisha makofi.

"Sasa mimi nitafanya nini nikiwa Makutano? Mumpeleke Embu haraka."

"Sista, gari liko garaji na wewe unajua. Navunja hii kufuli."

"Daktari, usithubutu! Hiyo troli iko kwa inventori kwa jina langu. Kikipotea kitu ni mimi. Ngojeni kidogo niulize—"

Na simu ikakatika, au alikata, sijui.

Daktari alishika ile kufuli akaivuta. Akapiga chuma teke. Troli ikateleza kwa magurudumu yake mazuri ikagonga ukuta, kufuli haijashtuka. Akarudi kwa mtoto, kwa sababu mtoto alikuwa anaanza kubadilika midomo, rangi ya zambarau iliyoiva. Akamshika kidevu. Akatazama saa. Akasema dakika ya nane. Kisha akanitazama mimi, machoni kabisa, akasema, "Mama, mtoto wako yuko mikononi mwetu."

Naomba mtu yeyote asinieleze kwamba alisema kwa huruma. Najua. Nilimchukia wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Amesomea mambo haya miaka na miaka, akaongezewa siku tano za chai yangu, na amesimama ananikariria maneno ya ukumbini mbele ya kabati lililofungwa.

Nikatoka mbio. Mtu mwingine angedhani nakimbia nisione mtoto akikata roho, na shosho wa mguu alisema hivyohivyo baadaye, kwamba alianza kuniombea. Nilikwenda jikoni. Shoka la kuni huwa nyuma ya mlango.

Yule mama wa jikoni aliniona nikilichukua. "Unaenda kuua nani?"

Nilirudi. Nesi aliponiona akapiga kelele akajibanza kwenye sinki. Daktari hakusema vunja, hakusema usivunje. Aliiwekea troli mguu wake nyuma isiteleze. Hicho ndicho alichofanya, na mimi nilikiona. Nilipiga mara ya kwanza nikakosa, chuma kikatoa cheche. Ya pili pete moja ikapinda. Ya tatu pete ikang'oka na rangi yake nyekundu, na kufuli ikaanguka chini ikiwa nzima bado, imejifunga vizuri.

Barakoa ilikuwa ndani ya mfuko ambao haujafunguliwa. Dawa ilikuwa imepangwa na lebo zikitazama mbele. Daktari hakuhitaji kutafuta kitu hata sekunde moja. Kila kitu kilikuwa mahali pake kama alivyofundishwa, na aliposhika alishika sawasawa: oksijeni, dawa kwa njia ya nyuma kwa sababu mshipa haukuonekana, tone la damu la kupima sukari. Nilikuwa nimesimama na shoka. Mwili wa mwanangu ukaruka, ukaruka kidogo, ukatulia. Midomo ikarudi polepole.

Ndipo sauti yangu ilitoka. Niliwatukana wote. Nilitukana kwa Kiswahili, nikatukana kwa Kiembu, nikatukana troli. Daktari aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akanisikiliza mpaka nikamaliza.

Mtoto aliamka alasiri. Alinijua, alinyonya. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umelala. Ukiuinua unaanguka kama mkono wa nguo. Daktari akasema wakati mwingine inatokea baada ya degedege refu, kwamba ubongo umechoka, mara nyingi nguvu inarudi kwa siku moja au mbili. Nikamuuliza isiporudi?

"Isiporudi tutampeleka Embu apigwe picha ya kichwa."

"Na ingekuwa dakika tatu badala ya kumi na moja, angekuwa na mkono?"

Aliuinua ule mkono, akaurudisha taratibu. Kisha akasema, "Pengine." Nilimheshimu kwa hilo neno, na lilinichoma.

Siku ya pili mkono ulikuwa vilevile. Niliufinya, niliusugua na mafuta, niliutekenya. Niliweka kijiko kwenye kile kiganja, kikaanguka. Sista alipita wodini amevaa sare yenye pasi kali, hakuangalia kitanda chetu. Akatuma nesi aniambie natakiwa kuandika maelezo: kwa nini niliharibu mali ya hospitali.

Siku ya tatu wakaniita ofisini mbele ya kamati. Walikuwa wanne: mwenyekiti, ambaye ni mzee wa kanisa mwenye kahawa nyingi, katibu, sista, na daktari, ameketi mwisho wa meza kama mwanafunzi aliyechelewa. Mezani kulikuwa na chai, sahani ya biskuti, na ile kufuli ndani ya bahasha ya plastiki. Nilikaa na mtoto mapajani.

Mwenyekiti aliongea kwa upole. Upole wa namna ile ndio unaonitapisha zaidi.

"Binti yangu, hakuna mtu anafurahia mtoto kuugua. Tunamshukuru Mungu. Lakini tukiruhusu kila mzazi aingie na shoka, hospitali itabaki?"

"Mkiruhusu kila mtoto afe mbele ya troli, itabaki ya nani?"

"Usinijibu hivyo."

"Uliuliza, mzee."

Sista akafungua faili. Alisoma orodha ya vilivyotumika, moja moja: barakoa moja, sindano moja, kichupa kimoja, kijiti cha kupimia sukari kimoja. Niliona kwamba alikuwa anaogopa, kweli, na sikumwonea huruma. Katibu akasema wameshaamua: pete mpya zitachomelewa, nene zaidi, na safari hii kutakuwa na ufunguo wa akiba.

"Utawekwa wapi?" nikauliza.

"Kwa droo ya ofisi hii."

"Na nani anayefunga ofisi akitoka?"

Sista akashika mkoba wake.

Daktari akakohoa. Alisema yeye ndiye aliyeruhusu kuvunjwa, iandikwe hivyo, kwa jina lake. Mwenyekiti akasema hayo yataangaliwa. Kwanza mama aandike barua ya kuomba msamaha, kisha kazi ya jikoni itajadiliwa. Katibu akanisukumia karatasi na kalamu. Walikuwa wameshaniandikia mistari ya juu. Kilichobaki ni sahihi yangu.

Nilikuwa nausoma ule mstari wa kwanza, "ninajuta kwa kitendo changu cha kukosa subira", na mtoto akawa anajinyonganyonga mapajani. Nilifikiri anataka kulala. Alikuwa anaangalia sahani. Mkono wake wa kulia nilikuwa nimeubana na kifua changu ili asivute karatasi. Akanyoosha wa kushoto.

Ulipanda juu ya meza polepole, unatetemeka kama mkono wa mzee, vidole havijafunguka vyote. Ulifika ukingo wa sahani. Daktari aliona, alisimama nusu, mdomo wazi.

Mwenyekiti naye akaona mkono wa mtoto kwenye biskuti zake. Akaivuta sahani upande wake.

"Tuendelee," akasema.

Sikuendelea. Nilinyanyuka na mtoto, nikazunguka meza, nikainama kando ya bega la mwenyekiti, nikamsogeza mwanangu mpaka kiganja kile kikagusa sahani tena. Tukangoja. Mzee alikuwa anasema "Sasa hii ni nini, sasa hii ni nini," na katibu anaita jina la Bwana. Vidole vilichukua muda. Kimoja, kingine. Biskuti ya kwanza ilivunjika ikaanguka kwenye chai ya mwenyekiti. Ya pili aliishika.

Tulitoka akiwa nayo mkononi. Barua waliisaini wenyewe kama walitaka.